Nani Atamwinua Mzee Kitandani?

Kituo cha biashara cha Mahoko, katika sekta ya Kanama wilayani Rubavu, kimekaa kando ya barabara kuu itokayo Musanze kuteremkia Gisenyi. Soko lake hupokea viazi, karoti na vitunguu kutoka vilima vya jirani, na wabebao mizigo hiyo aghalabu ni vijana. Wazee walioilima ardhi hiyo tangu ujana wao wamebaki huko juu vilimani, na baadhi yao hawawezi tena kuteremka. Watoto wao wametawanyika: huyu yuko sokoni, huyu Kigali, na yule amevaa sare ya jeshi au ya polisi katika mkoa wa mbali. Kila jamaa iliyotoa askari yapaswa kujiuliza: nyumbani amebaki nani pamoja na mzee?

Nchini Rwanda, kwa desturi, mzee hutunzwa na jamaa yake. Nyumba za wazee ni chache, na zijulikanazo zaidi, zile za Impinganzima za Huye, Bugesera na Rusizi, ziliwekwa kwa ajili ya wazee walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 na kupoteza watoto wao wote. Wazee wengine makao yao ni nyumbani. Desturi hiyo ni njema, lakini ilisimama juu ya jambo moja, nalo ni nyumba kuwa na watu. Nyumba ikibaki na mtu mmoja, mzigo wote humwelemea yeye.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2008 ulianzishwa mpango wa VUP, ambao hutoa fedha kwa kaya maskini zisizo na mtu awezaye kufanya kazi. Kwa miaka kadhaa kaya ya mtu mmoja ilitengewa faranga 7,500 kwa mwezi. Desemba 2018 ilianza akiba ya Ejo Heza, ili mkulima na mchuuzi asiye na mshahara naye ajiwekee fedha za uzeeni. Mwaka 2021 ilipitishwa sera ya taifa kuhusu wazee. Tena, kuanzia Januari 2025, mchango wa pensheni ya wenye mishahara ulipandishwa kutoka asilimia 6 hadi 12, na umepangwa kufika asilimia 20 mwaka 2030.

Nyingi ya hatua hizo zahusu fedha, na fedha zahitajiwa sana. Lakini fedha hazina mikono. Tuseme yuko bibi wa miaka 80 asiyeweza kusimama, anayeishi na binti yake wa miaka 40. Kwa hesabu ya mpango, kaya hiyo ina mtu wa kazi, basi huelekezwa kwenye kazi za barabara na matuta, siyo kwenye msaada wa moja kwa moja. Binti akienda kazini, mama hubaki peke yake tangu asubuhi, bila wa kumgeuza wala wa kumpa maji. Akibaki nyumbani, hakuna ujira. Baadaye mpango uliongeza kazi nyepesi, za saa chache na karibu na nyumbani, kwa kaya zenye mtu mmoja wa kazi na wategemezi wa kulelewa. Hapo ndipo marekebisho yapasa kuendelea: kumuuguza mzee ni kazi, na anayeifanya ahesabiwe kuwa yuko kazini.

Nchi jirani zimeshika njia nyingine. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo baadaye zilifikishwa 50,000. Kenya nayo, kwa mpango wa Inua Jamii, iliweka shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye umri huo. Mzee huulizwa umri wake. Haulizwi anaishi na nani. Kwa hiyo binti anayemtunza hamkoseshi mama yake haki.

Upungufu wa mikono huonekana zaidi siku ya hatari. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na mto Sebeya ukafurika wilayani Rubavu. Katika usiku kama huo kijana husikia maji akakimbia. Mzee asiyejiweza hulala akisubiri mtu.

Kwa hiyo mtumishi aliye mbali asidhani kwamba amemaliza wajibu wake akishatuma fedha kwa simu. Ndugu na wakae pamoja, wamtaje mmoja wao kuwa mlezi, nao wengine wamchangie riziki yake na kumpa siku za kupumzika, kwa maana mlezi aliyechoka huugua kabla ya mgonjwa. Mchango wa bima ya afya ulipwe kwa wakati. Mzee asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya mgongo. Mkuu wa isibo na mshauri wa afya wa kijiji wajulishwe kwamba katika nyumba hiyo yuko mtu asiyeweza kutembea. Na kabla ya masika jirani wawili wenye nguvu watajwe kwa majina, wakubali kwamba maji yakija wao ndio watakaombeba.

Askari aendaye likizo aliulize jambo hilo siku ile ile afikapo: nani atambeba mzee? Jibu likikosekana, asirudi kambini kabla ya kulipata.