Soya haitauwa mwani wa Kibuyuni

Siku hizi sushi hufungwa pia kwa karatasi ya soya, kwa ajili ya wasiopenda ladha ya mwani. Je, soko la mama zetu wa Kibuyuni litaguswa? Naona la. Mwani wa sushi, nori, ni wa bahari za baridi za Japani, Korea na Uchina. Wetu, spinosamu na kotonii, haufungi wali. Hukaushwa ukapelekwa nje kutolewa karajinani, inayotia uzito maziwa na dawa ya meno.

Basi tusiiogope soya. Tuogope kuuza mwani mkavu peke yake, bei akipanga mnunuzi. Kibuyuni tayari wanatengeneza sabuni ya mwani. Hoteli za Diani zinunue huko kwanza. Anayeinama majini kila bamvua naye awe na kauli kwenye bei.