Petroli si sabuni: saidia fundi wa Katesh na Mbulu analindwa na nani?



Nilipomaliza form four nilipata kibarua kwenye gereji moja pale Katesh. Kazi yangu ya kwanza haikuwa kushika spana, ilikuwa kuosha vyuma. Unakata dumu, unamimina petroli, unatumbukiza mikono mitupu unasugua grisi. Jioni unanawa na petroli hiyohiyo. Ngozi ikawa inapasuka, kichwa kinagonga. Fundi akaniambia, "Utazoea dogo." Juzi nimepita gereji za Mbulu mjini, dumu ni lilelile.

Sasa tuchambue. Ndani ya petroli kuna benzini, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani (IARC) limeiweka kundi la 1, yaani inajulikana kabisa kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya damu. Inaingia kwa kuvuta hewa na kwa ngozi. Spreya za kusafishia breki nazo tusiziamini kisa ni za kopo. Mwaka 2001, CDC ya Marekani iliripoti mafundi wa California waliopata ganzi mikononi na miguuni kwa sababu ya hekseni iliyokuwemo kwenye spreya hizo.

Wengine wanasema Mbulu kuna baridi, petroli haiwaki ovyo. Si kweli! Mvuke wake unashika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, tena ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini mpaka kwenye jiko la mama ntilie.

Mtaniuliza, kwa nini wasitumie mafuta ya taa, ambayo hayashiki moto upesi hivyo? Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi yake ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Nia ilikuwa nzuri, lakini mafuta ya taa yakaacha kuwa ya bei chee. Fundi naye anachota petroli ya pikipiki iliyo mbele yake.

Sheria zipo. Ile ya usalama na afya kazini ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Ile ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za mto au ziwa. Lakini saidia fundi ni deiwaka, hana mkataba. Na mvua ikinyesha mfereji haupimi mita. Petroli nyingi itaruka hewani, ila oili chafu inabaki, na ziwa kama Balangida halina mto wa kuitoa.

Mimi naona tuanze na rahisi: grisi ikwanguliwe kwanza, kisha maji ya moto na sabuni ya unga, glovu mkononi, na pipa la oili chafu. Halmashauri ilikague pipa hilo kabla ya kutoa leseni.

Madogo wa gereji, mikono yenu ikoje? Semeni hapo chini.

Nawasilisha.