Ilani: Mimba Iingie Kwenye Kanuni za Mchezo

Sisi tunaocheza gemu, tunaoziunda na tunaowanunulia watoto wetu, miongoni mwetu wakiwamo waliojifungua, waliopoteza mimba, wakunga, na akina baba waliokesha nje ya leba, leo tunaanzisha harakati hii. Mwaka 2018, Red Dead Redemption 2 ilivuma kwa kuonyesha hata korodani za farasi zikisinyaa kwenye baridi. Ufundi upo. Kinachokosekana kwa mama mjamzito ni nia.

TUNAYOYAONA

Katika The Sims ya mwaka 2000, mtoto alitokea kitandani mwake bila mtu kubeba mimba. The Sims 4 ina mimba, lakini huisha kwa siku tatu za mchezo, na hadi mwaka 2023 kichanga alinasa kwenye kitanda chake kama samani. Ndani ya Stardew Valley tumbo halionekani, mtoto hakui kupita utoto wake wa kukimbiakimbia sebuleni, na mzazi aliyemchoka anaweza kumgeuza njiwa. Fire Emblem Fates huwapeleka watoto kwenye ulimwengu ambako muda hukimbia, wakarudi askari kamili. Malezi yamerukwa, jeshi limepata watu.

Kisha yupo mama marehemu. Fallout 3 inaanza kwa mama kufa akijifungua. God of War ya mwaka 2018 inaanza na maiti ya mama ikichomwa, ili baba na mwana wapate safari. The Last of Us Part II ilithubutu kuleta wajawazito wawili. Mmoja anawekwa kando kwa kichefuchefu, mwingine anauawa, na mimba yake inatumika kumtia uchungu muuaji wake.

Crusader Kings III tunaipa haki yake: mimba huchukua miezi, mama aweza kufa akijifungua, na ufalme ukayumba. Ila hata humo uzazi unahesabiwa kwa faida ya urithi.

TUNACHOKIAMINI

Hatuombi damu na mayowe. Uhalisi wa gemu ni matokeo: mimba iguse pumzi, usingizi, njaa, hofu na maamuzi ya anayecheza. Si lazima kila gemu iwe na mimba, lakini inayoiweka isiifanye pambo. Uchungu wa mwana aujua mzazi, walisema wahenga. Kitabu humsimulia asiye mzazi uchungu huo. Gemu humpa uamuzi na kumwachia aubebe.

TUNADAI

1. Mjamzito achezwe, asiwe abiria katika hadithi ya mtu mwingine.

2. Muda ufupishwe kadiri mchezo unavyohitaji, lakini kila hatua ya mimba ibadilishe anachoweza na asichoweza kufanya.

3. Hadithi isiishie leba. Arobaini, kidonda, kunyonyesha, sonona, na mama mkwe anayekuja na uji au na maneno: yote haya ni mchezo tosha.

4. Kuharibika kwa mimba, ugumba, kuasili mtoto na uamuzi wa kutozaa vionyeshwe kama sehemu ya maisha, visiwe adhabu wala chambo cha kuuzia.

5. Gemu za vita huajiri wanajeshi wastaafu kama washauri. Za uzazi ziwaajiri wakunga na wazazi, tangu siku ya kwanza ya usanifu, na ziwalipe.

WITO

Mchezaji, unapoandika maoni yako kuhusu gemu, usihesabu silaha na ramani tu. Sema pia mama alitendewaje. Nawe unayeunda gemu Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, usingoje Tokyo na California zianze. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, kaa na mama aliyejifungua mwezi huu, umuulize usiku wake ulikuwaje, umsikilize mpaka amalize. Kanuni za mchezo wako zianzie hapo.