Kamani Ifunguliwe Darasani

Gramafoni ya kale haikuhitaji umeme. Mahali kama Usoke, kando ya reli iliyotoka Tabora na kufika Kigoma mwaka 1914, iliweza kupiga santuri za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, kwa nguvu ya kamani tu.

Kamani ni utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kasha. Mpini ukizungushwa, kazi ya misuli huhifadhiwa humo. Lakini kamani iliyokazwa husukuma kwa nguvu kuliko inayokaribia kulegea, hali santuri yapaswa kuzunguka mara 78 kwa dakika daima. Fumbo hilo lilifumbuliwa kwa vizito vidogo: mwendo ukizidi, hutanuka na kuvuta kisahani kwenye breki, ukipungua, breki huachia. Visanduku vya muziki vya Leipzig vilitumia mapezi yaliyozuiwa na hewa.

Wako waonao mashine hizo kuwa takataka. Wamekosea. Mwanafunzi akaririye kanuni ya Hooke pasipo kuishika kamani amejifunza maneno matupu. Gramafoni mbovu isiuzwe kwa kilo kabla haijafunguliwa darasani, mwalimu akiilegeza kamani kwanza, kwani iliyokazwa hujeruhi.