Wenye Kuwapa Wadudu Majina Wasidharauliwe

Wako watu wengi, na miongoni mwao wamo wasomi na wenye vyeo, ambao wakisikia kwamba mtu fulani ameupitisha umri wake akichungulia kwa hadubini miguu na vipapasio vya mbawakawa, ili aamue kama huyu ni wa ukoo huu ama wa ukoo ule, humsikitikia, wakidhani kuwa kazi hiyo ni anasa ya waliokosa shughuli. Mimi naiona dhana hiyo kuwa ni potofu, tena yenye madhara, maana hasara yake huwafikia wakulima, ambao hawakuwa na sehemu yoyote katika kuitunga.

Mbawakawa ninaowakusudia ni wale walao majani, jamaa kubwa ambayo wanazuoni huiita Chrysomelidae, na ambayo hata leo imekwisha kuhesabiwa spishi zaidi ya 35,000 zenye majina, ghairi ya zile ambazo bado hazijaandikwa. Wengi wao ni wadogo kuliko punje ya choroko, wenye mgongo wa mviringo na rangi zenye kung'aa, na aghalabu kila mmoja ana mmea wake au nasaba yake ya mimea, ambayo hula majani yake akiwa mkubwa, na majani hayo au mizizi, shina au mbegu zake akiwa buu. Kwa sababu hiyo, mtu akiisha kulijua jina la mbawakawa kwa yakini, hujua pia chakula chake, majira ya kuzaliwa kwake, mahali anapojificha wakati wa kiangazi, na adui zake. Na asiyelijua hubaki kupiga dawa gizani.

Ilikuwa mwaka 1758 ambapo Linnaeus, mwanazuoni wa Uswidi, aliwakusanya wengi wa wadudu hawa chini ya jina moja la Chrysomela. Kisha mwaka 1802 Latreille wa Ufaransa akawafanya kuwa jamaa kamili. Tangu hapo kazi haikusimama, na ikawekewa sharia madhubuti, mbili katika hizo zikiwa nguzo zake: kwanza, jina lililotangulia kutolewa kwa taratibu ndilo lenye haki, hata kama aliyelitoa hakuwa mtu mashuhuri, na pili, kila jina sharti lifungamane na kielelezo kimoja cha mdudu mwenyewe, aliyekaushwa, akachomwa pini, akahifadhiwa mahali panapojulikana, kama pishi ya sokoni ambayo pishi nyingine zote hupimwa kwayo pakitokea ubishi. Mtu akidai kwamba mbawakawa wa shambani kwake ni spishi fulani, na mwingine akakanusha, hawana budi kurejea kwenye kielelezo kile.

Na tazama sasa jambo hili linavyowagusa wakulima wa maharage wa Arusha na Kilimanjaro. Mvua za masika zinapoanza na maharage kuchomoza, hutokea ardhini mbawakawa aitwaye Ootheca bennigseni, jina alilopewa na Julius Weise, Mdachi aliyekuwa bingwa wa jamaa hii, akayatoboa majani machanga matundu kwa matundu mpaka miche mingine ikafa. Watafiti wa kituo cha Selian, karibu na mji wa Arusha, walimfuatilia wakabainisha kwamba huzaa kizazi kimoja tu kwa mwaka: mama hutaga mayai udongoni karibu na shina, mabuu hula mizizi na vile vifundo vyenye kuirutubisha ardhi, kisha mdudu aliyekomaa hulala humo humo ardhini mpaka mvua za mwaka wa pili zimwamshe. Maadamu mambo ni hayo, dawa iliyo bora haiko dukani: mkulima asirudie maharage katika shamba lile lile, bali apande zao lisilo la jamii ya kunde, na ardhi ilimwe baada ya mavuno ili waliolala wafukuliwe na jua liwamalize.

Lakini Ootheca si mmoja. Yuko mwenziwe aitwaye mutabilis, ambaye huko Nigeria anajulikana kwa kueneza virusi vya kunde, na wako wengine kadhaa wanaoshabihiana kwa umbo. Na rangi, ambayo ndiyo kitu cha kwanza jicho hukiona, haiwezi kuwa shahidi wa pekee, kwa kuwa katika spishi moja hutokea wekundu, weusi na wa rangi ya chungwa. Ndiyo maana mwaka 2008 bibi mmoja mtaalamu wa Afrika Kusini, Elizabeth Grobbelaar, alipochapisha mwongozo wenye picha wa kuzipambanua spishi za jenasi hii, alilitendea kilimo cha Afrika wema ambao wengi hawakuusikia. Mtafiti aliyemtaja mdudu kwa jina lisilo lake amepeleka habari za nchi moja hadi nchi nyingine ambako hazina kazi, na wanaomfuata watajenga juu ya msingi huo huo mbovu.

Kadhalika ghalani. Kwa muda mrefu wadudu wabunguao maharage na kunde walihesabiwa kuwa jamaa yao mbali, Bruchidae, ilhali wanazuoni walio wengi sasa wamewatia ndani ya jamaa ya mbawakawa wa majani, kwa kuwa maumbile ya miili yao na chembe za urithi zimeshuhudia kwamba nasaba ni moja. Sisi tunawaita fukusi, pamoja na wale wa mahindi ambao kwa hakika ni wa ukoo mwingine kabisa. Katika maharage wamo wawili waliotoka bara la Amerika, nao hawafanani kwa mwenendo. Acanthoscelides obtectus, apendaye zaidi nyanda za juu zenye baridi, huanza uharibifu maharage yangali shambani katika maganda yaliyokauka, na mayai yake huyaacha yakiwa huru baina ya mbegu, hata buu akiisha kuanguliwa hana budi kutangatanga akitafuta pa kutobolea. Zabrotes subfasciatus, wa nchi zenye joto, huyagandisha mayai juu ya mbegu yenyewe, na buu huingia papo hapo alipozaliwa. Majaribio yameonyesha kwamba kuyapinduapindua maharage chomboni kila siku humvuruga buu wa yule wa kwanza asimalize tundu lake, akafa. Lakini wa pili hana haja ya kutangatanga, basi kuvurugwa huko hakumdhuru. Mama aliyeambiwa tu kwamba “fukusi huzuiwa kwa kuyageuza maharage”, asiambiwe ni fukusi gani, ataona chakula cha watoto wake kimegeuka unga, na lawama atawatupia wataalamu kwa haki.

Na mchele je? Mwaka 1966 huko Otonglo, karibu na Kisumu, uligunduliwa katika mpunga ugonjwa wa kugeuza majani manjano na kuufanya mmea udumae, ambao wakulima wa Tanzania wanaujua kwa jina la kimyanga, na ambao tangu wakati huo umeonekana katika nchi nyingi za Afrika na kisiwani Bukini. Virusi vyake havina mbawa. Hupitia katika mikono na zana za watu na katika nyayo za mifugo, na pia katika vinywa vya mbawakawa wa majani, wakiwemo Sesselia pusilla, Chaetocnema pulla na Trichispa sericea. Hao wote walikuwa wamekwisha kuandikwa na kupewa majina na watu ambao hawakuwa na habari yoyote ya ugonjwa huo, na lau wasingaliifanya kazi ile, watafiti wa Kisumu wangalibaki na chupa ya wadudu wasio na majina, wala asingalijua mtu ni yupi kati yao aliyebeba nini.

Wala asidhani msomaji kwamba kuwapambanua wadudu ni elimu iliyoletwa na meli. Wawindaji wa Kisan wa Namibia na Botswana, chini ya miti ya Commiphora, ambayo ni jamaa ya manemane, huchimba ardhini wakatoa mabuu ya mbawakawa wa majani aitwaye Diamphidia, wakaikamulia sumu yake katika mishale. Nao wanamjua pia mbawakawa wa jamaa nyingine, Lebistina, ambaye buu wake huishi kwa kumla yule wa kwanza, na yeye pia hutolewa sumu. Watu hao walilazimika kuwa na macho makali, kwa sababu riziki yao na usalama wa mikono yao ulitegemea kutokosea. Elimu ya namna hii iko katika vijiji vyetu vingi, nayo inastahili kuandikwa na kuwekwa pamoja na majina ya Kilatini.

Nimewasikia watu wakilalamika kwamba wataalamu hubadilisha majina kila mara. Ni kweli kwamba hubadilisha: wale mbawakawa warukao kama viroboto, wenye mapaja manene ya nyuma, walikuwa wametengwa, na sasa wengi huwahesabu kuwa sehemu ya jamaa ndogo ya Galerucinae. Lakini hilo ni jambo la kusifiwa, kwa kuwa ushahidi ulipozidi, kauli ya zamani iliachwa. Nami ningeiogopa zaidi elimu isiyobadilisha neno hata moja kwa miaka mia mbili.

Shaka yangu iko mahali pengine. Wadachi walipoanzisha chuo cha utafiti cha Amani, Usambara, mwaka 1902, na kabla ya hapo, vielelezo vingi vya wadudu wa nchi hii vilikuwa vikichukuliwa kwenda Berlin, na hadi sasa vingali huko, hata kijana wa Morogoro anayetaka kuhakikisha jina la mdudu wa shamba la babu yake huenda akalazimika kuomba ruhusa Ulaya. Nairobi pana makumbusho yenye hazina kubwa ya wadudu, na mjini humo Profesa Thomas Odhiambo aliasisi taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe mwaka 1970, akidhihirisha kwamba Mwafrika anaweza kuiongoza elimu hii katika ardhi yake. Walakini vijana wetu wanaosomea kilimo hufundishwa majina ya dawa kwa wingi na ya wadudu kwa uchache, na mtaalamu wa nasaba akistaafu, aghalabu nafasi yake haijazwi.

Natoa rai kwamba kila chuo kikuu cha kilimo katika Afrika Mashariki kiwe na mtaalamu wa uainishaji wa wadudu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo peke yake, na chumba kikavu cha vielelezo chenye mlinzi. Kwamba makumbusho za Ulaya zitakiwe kutoa picha za vielelezo vya kwetu bila malipo. Na kwamba bwana shamba, aletewapo habari ya mdudu mpya, amdai mkulima mdudu mwenyewe katika kichupa cha spiriti, akaandika siku, kijiji na mmea, kabla hajataja dawa yoyote. Gharama ya mambo haya ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya sumu zinazonunuliwa kila msimu. Wabunge watakapoketi Dodoma na Nairobi kujadili makadirio ya wizara za kilimo, nawasihi wawaulize mawaziri ni wataalamu wangapi wa kuwatambua wadudu walioajiriwa na serikali zao, na wasilipitishe fungu la viuatilifu mpaka wapewe jibu.