Mcha Mungu Mbele ya Mwenye Bunduki

Filamu nyingi zinazochunguza itikadi kali za kidini, yaani ile hali ya mtu kuigeuza imani yake kuwa amri juu ya maisha ya wengine, hukosea tangu mwanzo, kwa sababu humweka muumini wa kutisha upande mmoja na mtu asiyeamini lolote upande wa pili, kana kwamba dini ikizidi kipimo huwa ukatili na dawa yake ni kuipunguza. Filamu bora hazifanyi hivyo. Anayesimama mbele ya mwenye itikadi kali katika filamu hizo ni mtu mwenye ibada nzito kuliko yake, na hapo ndipo mtazamaji anapoona kwamba ugomvi huu umo ndani ya dini yenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Timbuktu, filamu ya mwaka 2014 ya mwongozaji Abderrahmane Sissako wa Mauritania, inayosimulia kipindi cha mwaka 2012 ambapo mji huo wa Mali, uliosifika kwa karne nyingi kwa wanazuoni wake na hati zake za mkono, ulitawaliwa na wapiganaji waliojitangaza kuwa walinzi wa sheria ya Mungu. Wapiganaji hao wanaingia msikitini na viatu na silaha, na imamu, bila kupaza sauti, anawaeleza kwamba katika mji ule anayejitolea kwa ajili ya dini hutumia akili yake, si bunduki, kisha anawaomba watoke ili watu wasali. Baadaye, binti anapoozwa kwa nguvu, imamu huyo huyo anarudi kwa wakubwa wao na kujenga hoja kwa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, akiuliza iko wapi idhini ya walii wa binti. Kuhusu jihadi, anasema kwamba yake anaipigana na nafsi yake mwenyewe. Wenye silaha wanabaki na jibu moja tu, kwamba wao ndio watawala, na jibu hilo halina hata chembe ya dini ndani yake.

Sissako alilaumiwa na baadhi ya watazamaji kwa kuwapa wapiganaji hao sura ya kibinadamu, lakini lawama hiyo haina uzito. Kiongozi wao mmoja anavuta sigara kwa kujificha huku kila mtu akijua. Vijana wao wanabishana juu ya Zidane na Messi katika mji ambao wamepiga marufuku kandanda, hata watoto wanalazimika kucheza mechi nzima bila mpira. Kijana mwingine anashindwa kusema mbele ya kamera maneno ya toba aliyofundishwa, kwa kuwa hayaamini. Mtu anayeonyeshwa kama shetani humwacha mtazamaji salama, akijiona wa namna nyingine kabisa, ilhali binadamu mdhaifu anayetoa hukumu ya kifo ni hatari ambayo jamii yoyote inaweza kuizaa.

Mwongozaji Nabil Ayouch wa Morocco aliionyesha hatari hiyo katika Les Chevaux de Dieu ya mwaka 2012, inayowafuata vijana wa mtaa wa mabanda wa Sidi Moumen, ambako walitoka washambuliaji wa Casablanca wa Mei 2003. Kinachowavuta vijana wale kwanza ni udugu, utaratibu na heshima ambavyo mtaa haukuwahi kuwapa; fatuwa huja mwishoni, wakati kuondoka katika kundi kumeshakuwa sawa na kubaki bila ndugu.

Je, ibada inayomfikisha mtu kwenye kifo ni itikadi kali moja kwa moja? Filamu ya Xavier Beauvois wa Ufaransa, Des hommes et des dieux (2010), inajibu kwa kisa cha watawa wa Tibhirine, Algeria, ambao saba kati yao walitekwa Machi 1996 na vifo vyao kutangazwa miezi miwili baadaye. Walikuwa Watrapisti, yaani watawa wa Kikatoliki wanaoishi kwa ukimya, sala na kazi za mikono, na majirani zao Waislamu walitibiwa na mmoja wao aliyekuwa daktari. Filamu inakaa muda mrefu katika mashauriano yao: mmoja anataka kuondoka, mwingine analia usiku kwa hofu, na mkuu wao, aliyedhani anaweza kuamua peke yake, anakemewa na wenzake hadi kila mtu anapopewa nafasi ya kusema lake. Mhanga unamwangukia yule tu aliyeuchagua, na hakuna mwanakijiji anayetakiwa kufa kwa ajili ya imani ya watawa.

Kipimo hicho kinahitajika pia katika Afrika Mashariki, kwa kuwa mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400, wakiwamo watoto wengi, ya watu wanaodaiwa kufundishwa kwamba wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Filamu za kuigiza juu ya msiba huo zinaweza kutengenezwa, na kishawishi kitakuwa kumchora mhubiri mwenye macho makali na wafuasi wajinga. Mwongozaji makini atakaa na mama mmoja, aonyeshe hatua kwa hatua jinsi saumu aliyojiwekea mwenyewe ilivyogeuka kuwa chakula alichomnyima mwanawe, na atampa mama huyo jirani Mkristo, anayefunga Kwaresima kila mwaka, awezaye kumwambia, Biblia ikiwa mkononi, kwamba hakuna aya inayomwamuru mtoto mchanga kufunga.