Ala Mbovu Humsingizia Mtoto



Kila inapokaribia sikukuu kubwa, watoto wetu huwaona wapiga matarumbeta wakiongoza maandamano, kisha hurudi nyumbani na ombi moja: "Baba, nami ninunulie." Ni ombi jema, lakini humfikia mzazi ambaye kipato chake hupanda na kushuka pamoja na mwezi. Sisi wa Buzebazeba tunajua kwamba mbalamwezi ikitanda, taa za wavuvi wa dagaa hukosa nguvu, na mfuko wa nyumba nao hulegea. Tunakumbuka pia kipindi cha kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, ziwa lilipofungwa ili samaki wapate kuzaliana. Familia iliyopita katika miezi kama hiyo haiwezi kuambiwa kwa wepesi, "Mnunulieni mtoto tarumbeta." Juma hili basi tunapenda kutafakari pamoja nanyi: mzazi mwenye fedha kidogo afanye nini ili mtoto wake aanze na ala iliyo nzuri?

Jibu letu tunalitoa mapema. Kwa maoni yetu, mzazi asinunue tarumbeta peke yake. Matarumbeta yawe mali ya parokia, yanunuliwe kwa nguvu ya jumuiya, yawe machache lakini mazuri. Na mzazi amnunulie mtoto vile vidogo tu ambavyo ni vya kwake mwenyewe.

Tunasema hivyo kwa sababu ya hatari moja ambayo wazazi wengi hawaioni. Siku hizi zipo ala mpya zenye kung'aa, nyingine zimepakwa rangi nyekundu au buluu, na huuzwa kwa bei ya kuvutia bila jina la mtengenezaji anayefahamika. Kwa macho ni matarumbeta kamili. Lakini nyingi kati yake zimefanywa kwa bati laini, pistoni zake hukwama baada ya muda mfupi, sauti zake hazikubaliani, na zikiharibika hakuna vipuri, hata fundi hukataa kuzishika. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Hasara ya fedha si hasara kubwa kuliko zote. Mtoto wa miaka tisa hajui kwamba kosa ni la bomba. Anapopuliza na sauti ikatoka vibaya, hujiambia kwamba hana kipaji. Mwalimu asiye mwangalifu humwambia vivyo hivyo. Mzazi naye huhitimisha kwamba fedha yake imepotea kwa uvivu wa mwanawe. Hivyo ala mbovu humsingizia mtoto, naye hana wa kumtetea. Wangapi wamekua wakiamini kwamba Mungu hakuwapa muziki, kumbe walipewa tu bomba lisiloweza kuimba?

Hatusemi kwamba kitu cha bei ndogo lazima kiwe kibaya. Historia ya nchi zetu inatufundisha kinyume. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu, ilianza katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaenea kote Tanganyika kwa vyama vyake mashuhuri vya Arinoti na Marini. Kandokando ya Ziwa Nyasa watu walioipenda sauti ya bendi, lakini hawakuwa na shaba, walitengeneza malipenga ya vibuyu, wakaziba tundu dogo kwa utando wa buibui ili sauti ya mwimbaji itetemeke kama ya tarumbeta. Kibuyu kile kilikuwa cha gharama ndogo sana, lakini hakikumdanganya mtu. Kilifanya kazi kiliyotengenezwa kuifanya. Basi tusiangalie bei peke yake; tuulize pia kama ala inasema kweli.

Kwa kigezo hicho, ala ya kwanza ya mtoto wa darasa la pili au la tatu ni filimbi ya plastiki iitwayo rikoda. Iliyotengenezwa na kampuni inayojulikana, kama vile Yamaha, hutoa sauti sahihi, haiogopi joto la Kigoma wala unyevu wa masika, na huoshwa kwa maji na sabuni. Humfundisha mtoto kutawala pumzi, kutumia vidole na kusoma noti, na yote hayo atakwenda nayo kwenye klarineti au saksafoni. Ipo mifumo miwili ya vidole, wa Kijerumani na wa Baroki. Wa Baroki hufaa zaidi mtoto anapoendelea, na ni muhimu kundi zima litumie mfumo mmoja. Anayependa ngoma naye aanze na ngoma zetu, kwa maana mapigo yaliyonyooka ni nusu ya bendi.

Meno ya mbele ya utu uzima yakishaota vizuri, mtoto anaweza kuanza tarumbeta. Hapo mzazi anunue kile kipande kidogo cha kupulizia, ambacho gharama yake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya tarumbeta. Kwa anayeanza, ukubwa unaopendekezwa na walimu wengi ni ule ulioandikwa 7C. Kipande hicho kiwe cha mtoto huyo peke yake, kwa sababu watoto hawapaswi kubadilishana mate. Nyumbani atajizoeza kutetemesha midomo kwa kipande hicho tu, na zamu yake ikifika atakichomeka kwenye tarumbeta la parokia.

Na parokia inunue lipi? Tunaona ni heri tarumbeta lililotumika la kampuni inayofahamika kuliko jipya lisilo na asili. Anayetumwa Kariakoo au kwingineko azingatie haya. Pistoni zote tatu zishuke bila kukwaruza na kurudi juu zenyewe. Mabomba madogo yavutike. Lililoganda ni dalili ya uzembe wa siku nyingi. Avute bomba la pistoni ya kwanza bila kuibonyeza pistoni hiyo, kisha aibonyeze: akisikia mlio mdogo kama wa kizibo kinachotoka, upepo hauvuji. Atazame bomba la mwanzo, lile linalopokea pumzi. Madoa mekundu yanayofanana na kutu huonyesha kwamba shaba inaliwa kutoka ndani. Mikwaruzo ya nje isimtishe. Klarineti ikitafutwa, ya plastiki ni salama kuliko ya mti, kwa kuwa mti hupasuka hali ya hewa ikibadilika.

Wapo watakaosema kwamba ala moja kwa watoto wengi haitoshi. Tutazame ng'ambo ya ziwa letu, nchini Kongo. Orkestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Wapiga fidla walikuwa wengi kuliko fidla, wakapokezana kwa zamu, na uzi ulipokatika waliweza kutumia waya wa breki ya baiskeli. Leo orkestra hiyo inajulikana duniani. Nchini Kenya, katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, programu ya Ghetto Classics iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge imekuwa ikiwafundisha watoto muziki wa orkestra katika eneo la parokia ya Mtakatifu Yohane tangu mwaka 2008. Kama mtoto angeruhusiwa kujifunza pale tu baba yake akiwa na uwezo wa kununua saksafoni, hadithi hizo mbili zisingekuwepo.

Tufanye hesabu ndogo. Jumuiya yenye kaya 20, kila kaya ikitoa shilingi 1,000 kwa juma, na tukiacha juma moja la mbalamwezi kila mwezi ili asidaiwe mtu, itakuwa na majuma 40 ya kuchangia, yaani shilingi 800,000 kwa mwaka. Hakuna aliyelemewa, na fedha hiyo inatosha kuanza kutafuta tarumbeta moja la heshima lililotumika. Haba na haba hujaza kibaba.

Lipo pingamizi moja lenye uzito: kitu cha wote mara nyingi hukosa mwenyewe. Ni kweli, manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hiyo kila ala iwe na namba yake, daftari lake, na mtunzaji mmoja anayejulikana. Pistoni zitiwe mafuta yake maalumu, si mawese wala mafuta ya kupikia. Zamu zipangwe kwa haki, wasichana wakihesabiwa sawa na wavulana, na mtoto wa mchuuzi wa dagaa akipata dakika zilezile anazopata mtoto wa mtumishi wa serikali. Tarumbeta la mtu binafsi humtumikia mtoto mmoja, na akichoka hubaki juu ya kabati. La parokia hupokewa na mwingine.

Tunawaomba basi viongozi wa jumuiya walizungumze jambo hili katika mikutano yao kabla mzazi yeyote hajakopa ili kumridhisha mwanawe. Na kwako mzazi ambaye mtoto wako amekwisha kuambiwa kwamba hawezi: kabla hujakubali hukumu hiyo, mwombe mpigaji mzoefu aipulize ala ileile. Ikimshinda na yeye, basi mtoto wako hana hatia.

Tukutane tena juma lijalo. Mungu awabariki.